Malalamiko ya Fundi Redio Asiye na Shida Yoyote

Lukumani Nasri,
Fundi Redio na Vinasa Sauti,
Mtendeni, Tabora.

Kwa Msimamizi wa Orodha ya Wanaosubiri,
Kituo cha Maongezi ya Tiba,
Cheyo, Tabora.

Ndugu Msimamizi,

Assalaam alaykum, na kama wewe ni wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Sijui jina lako wala umri wako, kwa hiyo shikamoo nimeiweka hapa pembeni: kama umenizidi ichukue, kama nimekuzidi nirudishie. Mimi na nyumba yangu hatujambo, tunamshukuru Mungu. Natumaini nawe hujambo pamoja na wote mnaofanya kazi hapo kituoni.

YAH: OMBI LA KURUDISHWA NYUMA KWENYE FOLENI

Najua barua zinazohusu foleni yenu hukufikia kwa wingi, na kwamba karibu zote zinaomba kusogezwa mbele. Yangu inaomba kinyume. Mmenisogeza mbele bila ridhaa yangu, tena kwa taarifa za mtu mmoja tu, nami nimeona nieleze kwa utaratibu jinsi nilivyodhulumiwa, kwa namba, ili iwe rahisi kunijibu.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Miezi miwili iliyopita nilikwenda hospitali kwa sababu moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio ilhali mwenyewe nimekaa. Daktari akanipima, akasema moyo wenyewe ni mzima, kinachonisumbua hakina kidonge. Akaniandikia karatasi ya kuja kwenu, kwa mtaalamu anayeitwa Yustina, ambaye nasikia huwatibu watu kwa kukaa nao na kuwaacha waseme. Pale mapokezi nilimkuta Bi Josepha, binti mwenye adabu, akanipa kiti kabla hajaniuliza jina. Akanieleza kwamba Yustina ni mmoja na watu ni wengi, akaniandika namba kumi na tisa. Na ili nisisubiri peke yangu, akaniwekea kwenye simu janja yangu, ambayo hadi siku hiyo niliitumia kama tochi, programu iitwayo Liwazo. Hiyo ingenishika mkono mpaka zamu yangu ifike. Akaniuliza hali ya nyumbani, nikasema salama. Akaniomba namba ya mtu wangu wa karibu, nikampa. Tukaagana vizuri.

Yaliyofuata ni haya.

1. Salamu. Kila siku saa mbili kasorobo asubuhi simu inalia na kuandika: "Lukumani, unajisikiaje leo?" Haijapiga hodi, haijaniamkia, haijauliza nimeamkaje wala kazi zinakwendaje. Nina miaka sitini na saba. Chini ya swali hilo kuna sura tano za duara, ya kwanza inatiririka machozi na ya mwisho inacheka hadi macho yamefumba, nami natakiwa niguse moja. Ndugu Msimamizi, mtu akiulizwa hali husema salama. Hata kama nyumba inaungua, inaanza salama, ndipo inakuja "ila": salama, ila nyumba inaungua. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo walivyolelewa watu wote ninaowajua mji huu, Waislamu kwa Wakristo. Simu yenu haina mahali pa kuweka "ila". Basi nikagusa sura inayocheka, siku ya kwanza mpaka ya arobaini na moja, kwa adabu tu. Mtu mzima wa Mtendeni hawezi kugusa sura inayolia, hata akiwa peke yake dukani, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwa peke yake katika duka lolote la Mtendeni. Marehemu mke wangu Hafsa, aliyetangulia mbele ya haki miezi kumi na moja iliyopita, alikuwa na desturi ya kuniuliza hali mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu salama, mara ya pili nilimjibu. Simu yenu inauliza mara moja, inasema asante, inazima taa yake.

2. Hongera. Adabu yangu hiyo ilinirudia kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila baada ya siku kumi za kucheka, Liwazo hunipongeza, na pongezi zake ni vigelegele vya wanawake kama ishirini hivi, kwa sauti ya juu. Pongezi za siku ya thelathini zilinikuta msibani, mtaa wa pili kutoka kwangu. Tumekaa kwenye majamvi, hitima inasomwa, wafiwa wameinamisha vichwa, na kutoka katika mfuko wa kanzu yangu vikapasuka vigelegele, kisha sauti ikasema, "Hongera, Lukumani, unaendelea vizuri sana." Nilitoka nje na viatu visivyo vyangu. Siku ileile ukaja ujumbe kwamba kwa kuwa hali yangu inaridhisha, nafasi yangu amepewa mwenye uhitaji zaidi, nami sasa ni namba ishirini na nne. Wiki iliyofuata nikawa thelathini na moja. Hili nililipokea kiutu uzima, na sikulalamika. Namba thelathini na moja nilikuwa nimeanza kuizoea.

3. Sauti. Liwazo haliishii kuandika, linasema pia. Lina sauti ya binti, nadhani wa Dar es Salaam kwa jinsi anavyoyavuta maneno, laini, asiye na haraka na mtu. Saa sita kasorobo mchana hunifundisha kupumua. "Lukumani, nipo hapa pamoja nawe. Vuta pumzi, hesabu mpaka nne. Taratibu. Hakuna anayetukimbiza." Niseme kwanza kwamba saa hizo mimi nina chuma cha moto mkononi, na sijui ni taaluma gani inayomshauri fundi avute pumzi ndefu juu ya moshi wa lehemu. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba dada yangu Mwanne, ambaye ndiye mkubwa wangu na huniletea chakula cha mchana tangu nilipofiwa, alifika siku moja na bakuli la ugali na mlenda, akasimama upande wa pili wa pazia la duka, akayasikia maneno yote hayo, hasa lile la hakuna anayetukimbiza. Akaliweka bakuli chini, akaondoka.

Ilipofika alasiri, Mtendeni nzima ilijua kwamba Lukumani amepata mchumba, kijana, kutoka Dar, na kwamba wawili hao hupumua pamoja nyuma ya duka. Jirani yangu Thani, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mtaani hapa tangu babu zake walipotoka Omani wakapanda huku bara, alinikatia kitambaa cha kanzu bila kunipima, akisema rangi ya maziwa humpendeza bwana harusi mwenye mvi. Ijumaa baada ya swala watu wawili wazima walinishika mkono wakaniombea uzao. Nilipomweleza Mwanne kwamba ni simu, akasema afadhali angekuwa binti. Halafu akaomba naye aisikilize.

Tangu siku hiyo, dada yangu akishaniwekea chakula huchukua simu yangu na kuieleza habari za magoti yake. Simu humwambia, "Asante kwa kunishirikisha, hilo lilihitaji ujasiri." Hakuna aliyewahi kumwambia Mwanne maneno hayo, sisi ndugu zake humwambia apake mafuta. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu zenu zinaonyesha kuwa Lukumani Nasri hawezi kuchuchumaa, hapatani na mke wa mwanawe, na alipokuwa mdogo alinyimwa gauni la Idi. Hayo yote ni ya Mwanne. Wiki mbili nzima nimekuwa nikitumiwa mazoezi ya magoti, na nasikitika kukuarifu kwamba yananifaa.

4. Shukrani. Kila jioni natakiwa niandike mambo matatu ninayoyashukuru. Siku ya kwanza niliandika uhai, imani na afya. Siku ya pili niliandika uhai, imani na afya, na simu ikaniambia nijaribu kufikiria kitu kipya. Nikajaribu. Nimeshukuru asali aliyoniletea mteja kutoka Sikonge, nimeshukuru mbu kupungua, nimeshukuru Thani alipofunga duka mapema. Siku ya kumi na moja nilishukuru kwamba umeme ulikatika na simu ikazimika kutwa nzima, nayo ilipowaka ikaniambia nimefanya vizuri.

5. Namba tano niliiandika, nikaifuta. Ilihusu namba ya mtu wa karibu, nami sikuona kama ni jambo la kuandikia ofisi.

6. Kufundishwa kusubiri. Katika Liwazo kuna masomo saba ya sauti kuhusu jinsi ya kusubiri. Nimeyasikiliza yote kwa heshima, lakini naona hapa mmemfundisha samaki kuogelea. Mji huu ulikuzwa na watu waliokuwa wanasubiri. Misafara ya kwenda Ujiji na ile ya kurudi pwani ilitua hapa ikangoja mvua zikatike, wapagazi watimie, njia ipoe. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, na kwa masimulizi ya nyumbani kwetu aliungoja msafara wake hapa miezi saba, katika kungoja akaoa, na msafara ulipokuja ukamkuta hana tena safari. Ndiyo maana mimi nipo. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba asubuhi, kabla mizigo haijanyanyuliwa, kila mpagazi alimwuliza mwenzake hali mara mbili. Ya kwanza ni ya adabu, ya pili ni ya mgongo, maana mtu akificha habari za mgongo wake mzigo utakuja kuwaangukia wenzake njiani. Ushahidi wa maandishi sina, ni bibi tu.

Tena mimi mwenyewe nina orodha ya wanaosubiri. Nina redio ishirini na tatu kwenye rafu, zote zimefunguliwa migongo. Mojawapo ni ya Bwana Ngollo, mkulima anayepakana na seminari ya Kipalapala, ambaye huu ni mwezi wa nane anakuja kwa baiskeli kila Jumamosi kuiulizia. Namwambia redio haijambo. Anaitazama ilivyolala chali na nyaya zake nje, anasema haya, anapanda baiskeli anarudi. Thani ameniambia na mimi niwawekee wateja wangu Liwazo, liwe linawauliza kila asubuhi wanajisikiaje bila redio. Nililikataa wazo hilo, ila siku hizi nikimwona Ngollo anakata kona ya msikiti huwa naingia ndani kutafuta kitu.

7. Shahidi. Sasa naona barua haisimami bila ile namba tano, basi ihesabiwe hapa. Bi Josepha aliponiomba namba ya mtu wa karibu, nilitaja namba pekee ninayoijua kwa kichwa, nayo ni ya Hafsa. Sikudanganya. Aliniuliza mtu wa karibu, hakuniuliza kama yu hai. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, watoto hatukujaaliwa, na sikuwa na mwingine wa kumtaja bila kufikiri. Simu yake iko kabatini juu ya kanga zake, nami huichaji kila Ijumaa, kwa sababu betri ikiachwa tupu kwa muda mrefu huharibika. Hayo ni maelezo ya kifundi.

Wiki mbili zilizopita nilichoka kucheka. Siku mbili sikugusa sura yoyote. Siku ya tatu, nilipoingia chumbani kuchukua shati, kabati likalia. Ulikuwa mlio wake yeye, ule aliouchagua mwenyewe ili ausikie akiwa uani. Nilikaa kitandani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya muda mrefu, nikaifungua. Ilikuwa imeandikwa: "Habari, Hafsa. Lukumani hajatujibu kwa siku mbili. Wewe unamfahamu kuliko sisi. Je, hali yake ikoje?"

Ndugu Msimamizi, hapa naomba uelewe jinsi nyumba yetu ilivyokuwa ikiendeshwa. Kwa miaka thelathini na minne, kila nilipougua, daktari aliniuliza mimi, nikasema salama, kisha akageuka kumtazama Hafsa, na Hafsa akasema ilivyo. Ndiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya bila huruma. Aliwahi kumwambia daktari mbele ya foleni nzima mambo ya tumbo langu ambayo hata mimi nilikuwa sijayakubali. Kwetu sisi, mtu kujisemea kwamba hali yake ni mbaya ni kujililia, lakini mkeo akikusemea, hiyo ni taarifa. Sasa swali limekuja kwenye simu yake, kwa jina lake. Jibu lililoondoka hapo nalinakili kama lilivyo:

"Huyo msimwamini akisema salama. Halali chumbani, analala dukani kwenye mkeka. Chai ya jioni anapika ya vikombe viwili, kimoja kikishapoa anakimwaga uani. Asubuhi anapasha chuma cha lehemu, anakishika mpaka kinapoa, redio hazigusi. Anaogopa kwamba akiimaliza hata moja atakuwa ameanza maisha mengine. Hafsa."

Nani aliyeyaandika, nisingependa tulijadili. Namba ni yake, jina ni lake, na ukali ni wake. Mimi niliishika simu tu.

Bi Josepha alimjibu siku ileile, akamshukuru, akamwuliza na yeye mwenyewe anaendeleaje na mzigo huo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Hafsa hali kwa miezi kumi na moja. Akajibu salama. Kesho yake akaandika tena, na keshokutwa. Kwa siku sita mfululizo mke wangu alikuwa akipeleka habari zangu Cheyo, nyingine ndefu za kujaza kurasa mbili, na siku ya sita akaandika jambo ambalo mimi sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, si kwa Mwanne, si kwa imamu. Aliandika kwamba asubuhi ile ya mwisho mume wake alimwuliza, umeamkaje, naye akasema salama, na mume wake akachukua funguo akaenda dukani. Alimwuliza mara moja tu.

Nilishindwa kuandika barua hii siku nne kwa sababu ya hapo.

Siku ya saba majibu yalikuja, nayo hayakuja kwangu, yalikwenda kabatini: "Asante sana, Mama, kwa ukweli wako. Tumemwondoa mzee wetu namba thelathini na moja. Yustina atamwona Jumanne ijayo. Tafadhali njoo naye, kwa sababu Yustina angependa kukusikiliza na wewe."

Ndugu Msimamizi, utaona mwenyewe tulipofikia. Mtu mzima amewaambia kwa siku arobaini na moja kwamba hajambo, hamkumsikia, isipokuwa kwa kumpigia vigelegele msibani. Shahidi mmoja ambaye hamjawahi kumwona akaandika kutoka kabatini, mkamwamini siku ileile. Na shahidi huyo mmemwita Cheyo siku ya Jumanne, na hawezi kuja. Kwa ninavyoelewa sheria, na nimesikiliza vipindi vingi vya sheria nikiwa najaribu redio za watu, shahidi asipofika kesi huahirishwa, na ikithibitika kwamba hatafika kabisa kesi hufutwa. Ukifuta kesi, taarifa zake zote zinaanguka. Zikianguka hizo, kinachobaki mezani ni sura arobaini na moja zinazocheka. Na mtu mwenye sura arobaini na moja zinazocheka hana haki ya kuchukua nafasi ya mgonjwa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, nirudishwe namba thelathini na moja, au namba nyingine yoyote iliyo mbali zaidi. Pili, Liwazo lifundishwe kusalimia, na chini ya sura inayocheka iwekwe nafasi ndogo ya "ila". Tatu, magoti ya dada Mwanne yaondolewe kwenye kumbukumbu zangu na yeye afunguliwe jalada lake, kwa sababu amekuwa akiniuliza namba yake ni ya ngapi, na ameshachagua na gauni la kuja nalo. Nne, Bi Josepha asilaumiwe kwa lolote. Mtu atakayemweleza kwamba Hafsa ni marehemu amweleze taratibu, akiwa amekaa. Alimwandikia vizuri sana, na Hafsa angempenda.

Nimalizie kwa kurudia kwamba mimi sina shida yoyote. Mtu mwenye shida hawezi kuandika barua ndefu namna hii kwa mwandiko ulionyooka, na ule mstari uliopinda katika namba saba umesababishwa na meza.

Nisalimieni mtaalamu Yustina, ambaye hatujaonana. Nisalimieni Bi Josepha, na yule mlinzi aliyeishikilia baiskeli yangu getini siku ya kwanza ikataka kuanguka. Wasalimieni wenzangu wote walio kwenye orodha, tangu namba moja hadi ya mwisho, na hasa huyo aliyepewa nafasi yangu. Mwambieni sina kinyongo naye, na kwamba ile sura inayolia ipo kwa ajili ya kuguswa, asione haya. Mwanne anawasalimu. Thani anawasalimu na anauliza kama kitambaa kirudi dukani au kisubiri kidogo.

Ni mimi, mzima wa afya,

Lukumani Nasri.

Nyongeza baada ya saini:

Barua hii sitaitia posta. Nitaileta mwenyewe siku ya Jumanne, na nitakuwa hapo tangu saa moja asubuhi, kwa kuwa ujumbe haukusema saa ngapi nami sipendi kuchelewa. Nafasi yangu msimpe mtu mwingine. Simu ya Hafsa nitakuja nayo, maana mmemwita, na nimeshaichaji ingawa leo si Ijumaa, lakini naomba siku hiyo asiulizwe yeye. Niulizeni mimi. Nitasema salama, mdomo wangu haujui pengine pa kuanzia. Mkishanisikia nimesema hivyo, tafadhali niulizeni mara ya pili.